Kipande cha Mama

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama ameongea.

Kaa chini kwanza, maana najua utataka kupiga kengele ya monasteri nzima. Si neno ulilokuwa unalisubiri. Tangu kiharusi kimpige hii ni wiki ya saba, na wiki zote hizo tumesikia "ee" na "baba" tu, na hiyo "baba" anaiita hata sufuria. Jumanne jioni nilikuwa sebuleni, nimelaza kibao cha duka la dawa mezani, nagawa nafasi za herufi. Unanijua, mkono ukiwa kazini mdomo nao unatafuta kibarua. Nikawa najisemea lile shairi langu la paka, lile lililotoka gazetini nikiwa bado shule, ambalo Mama alimsomea kila mgeni mpaka wageni wakapungua. Nikasema, "Paka huyu mjivuni," halafu nikanyamaza kwa sababu ile W ya DAWA ilikuwa inakula nafasi ya wenzake. Na kule chumbani, kitandani, Mama akajibu: "panya hamshughulishi."

Brashi ilinidondoka. Nikaenda nikasimama mlangoni, nikarudia. Akajibu tena, neno kwa neno, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwuliza, "Mama, nikuletee chai?" Akaniambia, "Baba."

Muuguzi anayekuja Jumatano hakushangaa. Anasema maneno yenye mdundo yanakaa chumba kingine kichwani, na kile chumba kiharusi hakikukifikia. Ila ametuonya: mpe mwanzo, kisha subiri. Usimmalizie neno hata akichukua dakika nzima, ukimmalizia unamnyang'anya.

Sasa nakuja kwenye shida yenyewe. Kila saa kumi na moja jioni Mama analia. Unakumbuka ndiyo saa aliyokuwa anatoka na wenzake kwenda kuombea wagonjwa nyumba kwa nyumba. Alhamisi wenzake walikuja huku, wakasali Baba Yetu, akawafuata vizuri tu, kama mtoto anayeshikwa mkono. Halafu mmoja wao, kwa mazoea, akasema, "Mama, sasa tuombee." Mama alifungua mdomo, akaufunga, akavuta shuka akajifunika uso. Yaani mtu aliyeombea mtaa mzima kwa maneno yake mwenyewe hawezi kujiombea. Hakuna kitu kimeniuma kama hicho tangu msiba wangu.

Kwa hiyo niandikie sala za Mama. Wewe ndiye mwenye kazi hiyo. Mimi nitazikata vipande viwili viwili, nimpe cha kwanza, yeye ajibu cha pili. Mimi siyo mtu wa sala, unajua tangu lini na kwa nini, tusirudi huko.

Mdogo wako,
Kifutio

12 Machi

Mdogo wangu Kifutio,

Marahaba. Kengele sikupiga, ila barua yako niliisoma kwa siri mezani, na kwetu mezani ni kimya. Nilipofika kwenye panya nikacheka kwa sauti. Nimeadhibiwa kuosha masufuria ya jikoni wiki nzima. Mwambie Mama paka wake ameniponza.

Ndani ya bahasha kuna sala mbili nilizomwandikia. Nimeziandika nikiwa nimepiga magoti, basi zishike kwa adabu. Zikate unavyotaka, lakini usibadilishe neno hata moja. Nakujua. Hatukukuita Kifutio bure, madaftari yako yalikuwa na matundu mengi kuliko maandishi. Baba alisema huyu mtoto atafuta hata jina lake.

Kuhusu kuwa siyo mtu wa sala, sijakujibu. Ila nimesoma.

Dada yako

25 Machi

Dada,

Shikamoo. Sala zako zimeshindwa, usininunie.

"Ee Mungu mwenye huruma isiyo na kikomo" nimeihesabu kwa vidole, mizani kumi na sita. "Unayeujua udhaifu wetu" ni kumi na mbili. Hazilingani, hazina kina, hazina pa kushika. Nikimpa cha kwanza Mama ananitazama kama abiria aliyeshushwa kituo siyo chake. Mizani nane kwa nane, Dada. Mwili wake unaijua nane, aliimba nane akitubembeleza.

Kwa hiyo nimeandika zangu. Ndiyo, nimevunja amri yako, niongezee masufuria. Sikiliza:

Ewe Mola wa rehema, / uliye juu mbinguni,
nijalie afya njema, / niinuke kitandani.

Nane kamili kila kipande. Mama alijibu vipande vyote siku ya tatu bila kukosea. Kasoro moja tu, machozi ya saa kumi na moja hayajakauka. Anasema vipande vyake kama mtu anayenisomea kibao cha duka, akimaliza anageukia ukutani. Labda ubeti ni mfupi mno. Naongeza beti nne.

Kifutio

6 Aprili

Mdogo wangu,

Usiongeze hata mmoja.

Mizani sina neno nayo. Lakini niambie, lini ulimsikia Mama akimwita Mungu "Mola wa rehema"? Mama alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, anavua viatu, anasema, "Bwana wangu, ni mimi tena." Hivyo tu. Tulikuwa tunamwiga tukicheza, wewe ukiwa mgonjwa. Sasa umemwekea mdomoni maneno ya mtu ambaye hayupo nyumbani humo. Na mimi nilifanya vilevile, tena nikiwa nimepiga magoti. Ndiyo maana nimekasirika.

Fanya hivi. Saa kumi na moja ikifika weka kiti kando yake, ukae nusu saa. Usiongee. Usishike kalamu wala brashi. Vidole vikae mapajani, visihesabu kitu. Mtazame tu. Mawazo yakienda sokoni, yaite, yarudi. Ndiyo kazi ninayowafundisha wanovisi hapa, wasichana wanaojiandaa kwa utawa, inaitwa taamuli, na usicheke. Baada ya wiki mbili ndipo uandike ulichokiona. Siyo ulichokijua tangu zamani. Ulichokiona.

Wewe si uliniambia ukuta haupakwi rangi kabla ya kuutazama?

Dada yako

28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekaa. Siku ya kwanza nilipanga kibao chote cha saluni kichwani, mpaka rangi ya kivuli cha herufi. Siku ya pili nilisinzia nikakoroma, Mama ndiye aliyeniamsha kwa kicheko. Ya tatu nikaona aibu, unajua kumtazama mtu muda mrefu ni kazi nzito? Kila siku namlisha, namwosha, nambadilisha, na nilikuwa sijamtazama.

Karibu siku ya sita nikaanza kuona. Mkono wake mzima unauchukua ule uliolala, unauweka vizuri mapajani, kama mtu anayemkalisha mtoto kanisani. Unafanya hivyo mara nyingi sana. Mdomo unajaribu neno, linafika kwenye meno, linarudi. Hakasiriki. Nilidhani anakasirika. Na macho yake yanaenda pale ukingoni mwa kitanda, upande usio na mtu, yanatulia hapo. Nilihangaika nikidhani anataka mto. Anatazama tu. Ni pale pale alipokuwa anakaa yeye kwenye vitanda vya watu.

Nikaandika ubeti huu, kwa penseli, nikiwa bado kwenye kiti:

Mdomo huu ni wangu, / ila neno halitoki.
Wajua ya moyo wangu, / hata kama sitamki.
Keti kitandani kwangu, / nikilala huondoki.
Nipokee, Bwana wangu, / mlangoni sibanduki.

Najua utasema wangu, wangu, kwangu, wangu, hicho ni kina au uvivu? Nimefanya makusudi. Mama anaishika hiyo "ngu" kama unavyoshika ngazi, inampandisha mpaka kwenye kipande chake.

Dada, alipojibu "nikilala huondoki" sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Ile ya kwenye nyumba za wagonjwa. Hakulia. Ni siku ya tatu hajalia. Jirani yetu mshonaji amezima cherehani saa hiyo ili asikilize ukutani, anasema Mama amerudi kazini.

Kabla hujafurahi kupita kiasi: mimi siombi. Mimi nashika ngazi tu, anayepanda ni Mama.

Liko jambo moja. Ule mstari wa mwisho hausemi. Nampa "Nipokee, Bwana wangu," anatulia, kisha anajibu, "Mwanangu bado." Kila siku hivyo hivyo. Mizani tano, na kina kimekufa. Nilidhani ni ugonjwa, nikamsahihisha: "Hapana, Mama, mlangoni sibanduki." Anatikisa kichwa. "Mwanangu bado." Anajua anachosema.

Anakusubiri wewe. Amemwambia Mungu asimchukue mpaka mwanawe afike. Omba ruhusa, Dada. Sijawahi kukuomba kitu tangu uvae hilo shela, sasa nakuomba. Njoo.

Kifutio

5 Mei

Mdogo wangu,

Nakuja tarehe kumi. Nimepewa siku tatu.

Ujue tu kanuni yetu ilivyo. Tunatoka mara moja kwa ajili ya mzazi, ama kumwona akiwa hai, ama kumzika. Mama Mkuu ameniuliza mara mbili kama nimefikiri. Nimemwambia Mama yangu ananisubiri.

Usihangaike na kitanda. Nitalala chini, nimezoea.

Dada yako

21 Mei

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Wanovisi wameniuliza habari za Mama, nikawafundisha ubeti wako, sasa wanauimba wakimenya viazi. Nimewaambia umeandikwa na mchora mabango, hawakuamini.

Liko jambo nililoliona huko na sikukwambia usoni. Niliogopa ungefanya haraka, kwa kumridhisha Mama au kunifukuza mimi. Nakuandikia ili usome peke yako, na ukasirike ukiwa peke yako.

Siku ile ya kwanza, nimekaa pale ukingoni, mkono wake mzima umo mkononi mwangu. Ukampa kipande. "Nipokee, Bwana wangu." Na Mama, ambaye alikuwa amenilaki kwa kilio nusu saa nzima, ambaye alikuwa amenishika uso ili ahakikishe, akasema, "Mwanangu bado." Wewe ukacheka, ukamwambia, "Mama, si huyu hapa amekuja? Badilisha sasa!" Akatikisa kichwa. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Ukaniambia jikoni, basi kweli ni ugonjwa.

Siyo ugonjwa. Wewe ukishatoa kipande chako huwa unainamia daftari, kusubiri kama atapatia. Humtazami. Mimi nilikuwa sina daftari. Kifutio, anaposema "mwanangu bado" anakutazama wewe. Anakutazama utosi, maana ndio unaompa.

Mimi ameshanihesabu tangu siku nilipofunga sanduku langu kuja utawani. Anayemsubiri ni yule aliyeko chumbani humo saa zote, anayebadilisha shuka, anayemwandikia sala na kumkabidhi kama mtu anayefikisha kibao dukani, wenyewe wakichukue wakitundike. Mama hataki ushike ngazi tu, anataka na wewe upande.

Sikuambii uombe. Siku za kukuambia zilipita, nilizitumia vibaya, najua. Barua nilizokuandikia baada ya msiba wako zilikuwa kama zile sala zangu za mizani kumi na sita. Nisamehe.

Na kwa kuwa nimeanza kusema ukweli nimalize. Miaka mitatu sasa mimi ninayefundisha taamuli nakaa kwenye kanisa letu dogo saa nzima kila jioni, na kitu ninachotazama ni boriti za paa. Ziko kumi na nne. Sisikii kitu. Nimewafundisha wasichana wa watu njia ambayo miguu yangu ilishaacha kuihisi, na hakuna anayejua hapa, hata Mama Mkuu. Nilikufundisha na wewe hivyo hivyo, kwa maneno ya kukariri. Halafu nikakaa kwenye chumba kile, ukasema "Wajua ya moyo wangu," Mama akajibu "hata kama sitamki," na mimi nikaomba, Kifutio. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Kwa shairi la mtu anayesema haombi.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo ya shingo upande.

Nimeisoma barua yako, nikaikunja, nikaenda kuandika kibao cha fundi viatu, na nikaandika VAITU. Miaka ishirini ya kazi sijawahi. Ulichotaka umekipata.

Mimi niko hapa! Nani anamgeuza ubavu asubuhi? Nani anajua chakula kikizidi moto hata kidogo hakili? Halafu niambiwe sijafika. Wewe umekuja siku tatu, umelala chini, umeondoka, ndiye uliyehesabiwa. Haya.

Wewe hukuwepo siku ile kwenye benchi la hospitali. Niliomba, Dada. Sikuomba kwa uvivu. Niliomba kwa nane, nikaomba kwa kumi na sita, nikaomba kwa maneno yasiyo na hesabu yoyote. Daktari alipotoka, kabla hajafungua mdomo, nilikuwa bado naomba. Mke wangu akazikwa na mtoto wetu kwenye jeneza moja. Tangu siku hiyo kila nikitaka kusema "Bwana" naona ule mlango wa daktari unafunguka. Miaka minane. Ningeweza kusema mbele ya Mama yale maneno, akafurahi, akalala. Ni sekunde mbili. Lakini huko ni kumwigizia, na mtu anayekufa haigiziwi. Si wewe uliyenifundisha niandike ninachokiona? Basi hicho ndicho ninachokiona.

Kuhusu boriti, pole. Nilidhani huko mnaona malaika. Sikusemi kwa mtu. Ila hujui umenipa nini kunitajia hizo kumi na nne, maana mimi nilidhani ni mimi peke yangu nyumbani kwetu ninayetazama paa.

Kifutio

11 Juni

Dada,

Shikamoo. Hasira zimepungua, soma tu.

Jana saa kumi na moja niliacha daftari sebuleni. Nikakaa kwenye kiti, kisha nikaona kiti kiko mbali, nikakaa pale ukingoni. Nikavua viatu, sijui kwa nini. Sikumpa kipande. Nikamwambia, "Mama, nimesikia unachosema. Ni mimi ambaye bado." Akafumba macho, akafumbua. Nikamwambia, "Sijui kuomba tena. Nikianza naona mlango wa daktari. Sitaki kukudanganya." Nikamwambia yote, ya benchi, ya jeneza, mambo ambayo hata wewe nimekuandikia kwa mara ya kwanza juzi. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikuwa anasikiliza kama alivyokuwa anawasikiliza wagonjwa wake, kichwa upande.

Halafu, Dada, akaanza yeye.

Unaelewa? Tangu Machi hajawahi kuanza. Muuguzi alituambia kuanza hataweza, huo ndio mlango uliofungwa. Nilimwona anatafuta. Neno likafika kwenye meno likarudi, likafika tena. Mkono wake mzima ulikuwa umenishika kidole hiki cha brashi. Ilichukua muda mrefu mpaka nikataka kumsaidia, nikakumbuka nisimmalizie. Na akasema, taratibu, kipande changu: "Nipokee... Bwana... wangu."

Kisha akanitazama. Akasubiri.

Alikuwa ananishikia ngazi. Alisubiri kama mimi nilivyokuwa namsubiri yeye, bila haraka, bila kunimalizia.

Sikujibu. Mlangoni sibanduki? Ningesemaje? Nilikaa pale nimemshika, tukatazamana, giza likaanza kuingia, mshonaji akarudi kwenye cherehani yake. Mama akanipigapiga mkono mara mbili, kama kusema basi, kesho. Akalala.

Leo amekula vizuri. Kesho nitajaribu.

Kifutio

20 Juni

Mdogo wangu,

Simu ya monasteri ilipolia asubuhi ile sikuhitaji kuambiwa, kwetu hailii kwa jambo jingine. Barua yako ya tarehe kumi na moja imenifikia leo, siku nane baada ya Mama kwenda, asubuhi ya siku ile ile uliyoniambia utajaribu jioni yake.

Sikutoka. Ruhusa yangu niliitumia, na nimefurahi niliitumia kwa uso wake na siyo kwa jeneza. Lakini usidhani haikuuma. Saa mlipokuwa makaburini nilikuwa kwenye kanisa letu, na wanovisi wale wale wa viazi wakaniimbia ubeti wako mzima. Walipofika mwisho waliimba "mlangoni sibanduki," na mimi nikasikia "mwanangu bado," nikalia mbele yao wote, mwalimu wao. Boriti sikuzihesabu.

Hukujibu. Nimesoma hapo mara nyingi. Nakuuliza tu, ulipokuwa umekaa pale, umevua viatu, umeshikwa kidole, umemwambia Mama ukweli wote na hukuwa na neno, ulidhani ulikuwa unafanya nini?

Niandikie umeandika nini msalabani. Kama ubeti unatosha, uweke.

Dada yako

7 Julai

Dada,

Shikamoo.

Msalaba nimeuandika mwenyewe, herufi nyeupe. Jina na miaka, basi. Nilipima nafasi ya ubeti, ingebidi nibane herufi, na Mama hakupenda kubanwa. Wenzake wa sala waliomba waniletee maua ya plastiki nikawakatalia kwa upole. Kwa upole wa kwangu, lakini walielewa. Kitanda kimerudishwa hospitali. Kibao cha fundi viatu nimekirekebisha bure, ingawa mwenyewe anasema wateja walikuwa wanaingia kumcheka na wanaacha viatu.

Kiti sijakiondoa. Kila saa kumi na moja miguu inanipeleka. Wiki mbili nilikaa pale nikitazama ukuta mahali kitanda kilipokuwa, kuna mstari wa uchafu ulioachwa na mto. Mshonaji akaniuliza naendeleaje, nikamwambia nafanya taamuli, akaniambia ninywe maji mengi.

Swali lako nilikaa nalo hapo hapo.

Jumanne, kwa mazoea tu, nikasema, "Nipokee, Bwana wangu." Kisha nikasubiri kama nilivyozoea, nisimmalizie mtu. Nikasubiri sana, na mlango wa daktari haukufunguka. Cherehani ilikuwa imezimwa, kwa hiyo najua mshonaji alikuwa anasikiliza. Ndipo nikakumbuka kwamba kipande hicho alishakisema Mama tarehe kumi Juni, na kilichobaki ni changu, na alikuwa hajanimalizia.

Nikajaribu "mlangoni sibanduki." Haikutoka. Hiyo ni ya Mama, yeye hakubanduka. Mimi kusema hivyo ni uongo, nilibanduka miaka minane na kila mtu mtaani anajua. Nikaanza kulia, Dada, kilio cha sauti, cha benchi lile. Na katikati ya kilio nikasema kilichokuwepo. Nimekiandika hapa ili na wewe ukione:

Nipokee, Bwana wangu,
nimekuja, nimechelewa.

Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Ni tisa, na kina hakuna. Nimekisema jana tena, na leo.

Sijafuta.

Mdogo wako,
Kifutio